Rafadha ya kukunja: nusu fundo inayoamua safari penye mkondo mkali

Malori yanayoteremka Barabara ya Port Bell hupita Bugolobi, huingia Luzira, kisha husimama penye gati la Ziwa Victoria. Ni mwendo wa kilomita chache tu. Hapo Port Bell maji hayajai wala hayapwi kama ya bahari. Kimo cha ziwa hupanda na kushuka polepole, kwa kufuata mvua na maji yanayofunguliwa kwenye mabwawa ya Jinja. Mashua iliyofungwa gatini jioni hukutwa asubuhi palepale, katika kimo kilekile. Upepo mkali unaweza kuyasukuma maji upande mmoja wa ziwa kwa muda, lakini hakuna mkondo unaogeuka kila baada ya saa sita.

Chukulia sasa familia inayoishi Bugolobi, ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa na mashua ya tanga yenye urefu wa mita 9 na injini ndogo ya dizeli ya nguvu za farasi 20. Imeizoea katika maji ya ziwa, na sasa inataka kuisafirisha kwa lori hadi pwani ya Kenya, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,100, ili iitumie kati ya Kilifi na Pemba. Katika orodha ya vitu vya kununua kabla ya safari kuna kimoja kinachogharimu kuliko tanga jipya dogo: rafadha ya kukunja.

Je, inafaa? Na kama inafaa, ni ipi? Swali linaonekana kuwa dogo, la mafundi peke yao. Hata hivyo, jibu lake laweza kuamua kama chombo kitaingia mlangoni kabla ya giza, au kitabaki nje, miamba ikiwa upande mmoja na mkondo ukikivuta upande wa pili.

Rafadha ya kukunja ni nini?

Rafadha, ambayo wengi huiita pangaboi au propela, ndiyo inayogeuza nguvu ya injini kuwa msukumo wa kupeleka chombo mbele. Kwenye mashua ya uvuvi au feri hufanya kazi wakati wote. Kwenye mashua ya tanga, injini ni msaidizi tu: hutumika kutokea bandarini, kuingia mahali pembamba, au upepo unapokufa. Katika saa nyingine zote rafadha hukokotwa majini bila kazi. Rafadha ya kawaida yenye mapanga matatu yasiyosogea huwa ni kama ndoo iliyofungwa nyuma ya chombo. Kwa mashua ya ukubwa huu, katika upepo wa wastani, mzigo huo huweza kupunguza mwendo kwa nusu fundo hadi fundo moja. Fundo ni mwendo wa maili moja ya baharini kwa saa, yaani karibu kilomita 1.85.

Rafadha ya kukunja huondoa sehemu kubwa ya mzigo huo. Mapanga yake hayakushikamana na kitovu moja kwa moja, bali yamefungwa kwa pini, na mashina yake yana meno yanayoumana ili yafunguke na kufunga kwa pamoja. Shafti inapozunguka, nguvu ya mzunguko huyatupa mapanga nje na yakafunguka. Injini inapozimwa na shafti kuzuiwa isizunguke, maji yanayopita huyalaza nyuma, kama mwavuli unaofungwa. Gori na Flexofold, zote za Denmark, ni miongoni mwa zinazojulikana sana.

Kuna jamii ya pili, ambayo mara nyingi huchanganywa na hiyo. Hapa mapanga hayakunjwi nyuma. Kila panga hugeuka kwenye mhimili wake hadi ukingo wake mwembamba ulekee maji, kama mtu anayepita ubavu katika mlango mwembamba. Max-Prop ya Italia ni mfano wa zamani wa aina hiyo. Zote mbili, ya kukunja na ya kugeuza mapanga, hugharimu mara kadhaa ya bei ya rafadha ya kawaida, na zote zinahitaji matunzo ambayo rafadha ya kawaida haiyajui.

Hesabu ya nusu fundo

Katika ziwa, nusu fundo ni jambo la kujifurahisha. Mashua iendayo mafundo 4 ikifikia mafundo 4 na nusu, imeongeza mwendo kwa sehemu moja kati ya nane. Safari ya maili 6 za baharini iliyochukua saa moja na nusu itachukua saa moja na dakika 20. Dakika 10 hazimnyimi mtu usingizi.

Penye mkondo hesabu hubadilika kabisa, kwa sababu kinachofikisha chombo si mwendo wake juu ya maji, bali mwendo wake juu ya ardhi iliyo chini ya maji. Mashua ileile ikienda mafundo 4 dhidi ya mkondo wa mafundo 3, inasogea kwa fundo 1 tu. Ikienda mafundo 4 na nusu, inasogea kwa fundo 1 na nusu. Nusu fundo ileile sasa imeongeza mwendo halisi kwa nusu nzima. Maili 6 zilizohitaji saa 6 zitahitaji saa 4.

Tofauti ya saa 4 na saa 6 ina maana kubwa kuliko uchovu. Kipindi kimoja cha maji kujaa au kupwa huchukua muda wa saa 6 na dakika chache. Mwenye saa 4 hufika na akiba mkononi. Mwenye saa 6 ametumia kipindi kizima, na huenda jua limekwisha kuzama. Mkondo ukifikia mafundo 4, mashua ya kwanza haisogei kabisa. Tanga limejaa upepo, maji yanaruka omoni, na mnazi ulioko ufukweni unabaki palepale kwa muda wa saa nzima.

Hesabu hii ndiyo sababu hasa ya kununua rafadha ya kukunja penye maji yanayokwenda kwa nguvu. Lakini hesabu hiyohiyo ina upande wa pili, na hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea.

Maji ya pwani yanavyokwenda

Mtu wa Kampala anayejua mkondo, aghalabu anaujua wa Mto Naili pale Jinja. Ule una nguvu, lakini una mwelekeo mmoja. Mkondo wa maji ya kujaa na kupwa hugeuka. Kwenye pwani ya Kenya na Tanzania maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50, na kwa hiyo saa za maji husogea mbele kila siku. Wakati wa bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kimo kati ya maji kujaa na maji kupwa huko Mombasa na Zanzibar huweza kukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, tofauti hiyo hushuka hadi mita moja na kitu.

Maji hayo hayapandi kwa kasi moja. Mabaharia hutumia kanuni ya kumi na mbili: katika saa ya kwanza hupanda sehemu 1 kati ya 12 za kimo chote, saa ya pili sehemu 2, saa ya tatu na ya nne sehemu 3 kila moja, saa ya tano sehemu 2, na saa ya sita sehemu 1. Bamvua ya mita 4 ina maana kwamba katika saa ya tatu peke yake maji hupanda kwa mita nzima. Katika hori lenye mdomo mwembamba, kama vile Mida karibu na Watamu, maji yote hayo lazima yapite katika uwazi mdogo. Hapo mkondo hukaza.

Nje ya hori kuna mkondo mwingine usiofuata mwezi. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini kwenye pwani ya Tanzania mwaka mzima. Msimu wa kusi huusukuma, na unaweza kufikia mafundo 4. Msimu wa kaskazi huupunguza nguvu, lakini upepo ukivuma dhidi yake huinua mawimbi mafupi na makali. Nahodha anayetoka Kilifi kwenda Pemba anaelekea kusini, kwa hiyo mkondo huu humkabili usoni.

Manahodha wa majahazi walivuka maji hayo kwa karne nyingi bila rafadha ya aina yoyote. Silaha yao ilikuwa subira: walitia nanga wakangojea maji. Mpaka leo, chombo kinachotaka kupita Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, hungojea maji kujaa, kwa sababu yakipwa njia huwa na kina kidogo mno. Injini haikuifuta elimu hiyo. Iliongeza uwezo wa kuchagua saa, kwa sharti kwamba injini na rafadha yake viwe na nguvu ya kutosha siku uchaguzi unapokuwa mbaya.

Upande wa pili: injini, na kurudi nyuma

Rafadha za kukunja za mapanga mawili zilipendwa kwanza na watu wa mashindano. Nia yao ilikuwa moja: kupunguza ukinzani wa maji. Msukumo wa injini haukuwa jambo kubwa kwao, kwa sababu injini ilizimwa kabla ya mashindano kuanza. Mtu anayenunua rafadha kwa ajili ya mlango wenye mkondo mkali ana haja tofauti.

Chukulia mashua ile ya Bugolobi ikisukumwa na injini peke yake, upepo ukiwa umekufa. Kwa rafadha yake ya kawaida inakwenda mafundo 5 na nusu. Dhidi ya mkondo wa mafundo 4 itasogea kwa fundo 1 na nusu. Ikifungwa rafadha ya kukunja iliyo ndogo au iliyochaguliwa vibaya, ikapoteza nusu fundo, itasogea kwa fundo 1. Imepoteza theluthi nzima ya mwendo wake halisi, tena katika saa ambayo hakuna tanga la kuisaidia. Nusu fundo iliyopatikana kwa tanga imepotea kwa injini. Mnunuzi atakuwa amelipa fedha nyingi ili abadilishe tatizo moja kwa jingine.

Jambo la pili ni kurudi nyuma. Rafadha ya kukunja inapozungushwa kinyume, nguvu mbili hupingana. Mzunguko huyatupa mapanga nje, lakini msukumo wenyewe, ambao sasa unavuta kuelekea nyuma, unataka kuyalaza. Kwa hiyo mapanga mepesi hayafunguki vizuri isipokuwa injini izungushwe kwa kasi kubwa. Mashua hukawia kusimama, na huweza kupotoka upande mmoja kabla usukani haujashika. Ziwani, kukawia kwa sekunde tano gatini huleta mkwaruzo wa rangi. Katika hori ambamo mkondo unasukuma kutoka tezini kwa mafundo 2, sekunde tano ni zaidi ya mita 5 za kuelekea kwenye chombo cha jirani, hata kama mashua yenyewe imesimama juu ya maji.

Dawa ya kwanza ni uendeshaji: chombo huingizwa penye maegesho kikiukabili mkondo, ili maji yenyewe yawe breki. Dawa ya pili ni rafadha inayofaa.

Mapanga mawili, matatu, au ya kugeuza?

Rafadha ya kukunja ya mapanga mawili ndiyo rahisi kwa bei na nyepesi kwa maji. Inafaa mashua ndogo, na inafaa maji yasiyo na mkondo mkubwa. Udhaifu wake huonekana dhidi ya mawimbi mafupi na wakati wa kurudi nyuma.

Ile ya mapanga matatu hugawa msukumo katika eneo kubwa zaidi. Hutikisika kidogo, husukuma vizuri penye mawimbi, na hurudi nyuma kwa nguvu zaidi kwa sababu mapanga yake yana uzito wa kutosha kujifungua. Ukinzani wake ikiwa imekunjwa hauongezeki sana kulinganisha na ile ya mapanga mawili. Kwa chombo cha mita 9 kinachokwenda penye milango ya mafundo 3 au 4, hii ndiyo inayopaswa kuangaliwa kwanza.

Aina ya kugeuza mapanga ndiyo bora kwa kurudi nyuma, kwa sababu panga hujigeuza na kukata maji kwa ukingo uleule wa mbele. Faida nyingine ni kwamba nyingi kati yake huweza kurekebishwa baada ya kununuliwa, jambo linaloondoa hofu ya kukosea kipimo. Hasara zake ni bei, gia ndogondogo zinazohitaji grisi, na mapanga yaliyo bapa, ambayo kwenda mbele hayasukumi kwa ufanisi sawa na yaliyopindwa.

Rafadha ya kawaida nayo isidharauliwe. Ni imara, bei yake ni ndogo, na kila fundi wa pwani anaielewa. Kwa mwenye kutumia injini zaidi ya tanga, au asiye na mtu wa kutunza meno na pini, hiyo inaweza kuwa chaguo la busara. Majaribio ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, Uskochi, yalionyesha kwamba rafadha ya kawaida iliyozuiwa isizunguke huvuta maji zaidi kuliko ile iliyoachwa izunguke yenyewe. Hivyo mwenye nayo anaweza kupunguza hasara bila kununua kitu, ilimradi athibitishe kwanza kwa watengenezaji wa gia kwamba shafti yaweza kuzunguka injini ikiwa imezimwa bila gia kukosa mafuta.

Kipimo, na mwinuko wa Kampala

Rafadha hutajwa kwa namba mbili: kipenyo na hatua. Kipenyo ni upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga. Hatua ni umbali ambao rafadha ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa parafujo inayopenya ubao. Kwa kuwa maji si ubao, sehemu ya umbali huo hupotea kwa mtelezo.

Mfano unasaidia. Injini inazunguka mara 2,600 kwa dakika, na gia inapunguza mizunguko kwa 2.6, kwa hiyo shafti inazunguka mara 1,000. Rafadha ya hatua ya inchi 12 ingesonga inchi 12,000 kwa dakika, ambazo ni karibu mita 305, sawa na mafundo 9.9. Mtelezo ukiwa asilimia 40, mashua itakwenda karibu mafundo 6. Atakayeagiza hatua kubwa kwa kutamani mwendo zaidi hataupata: injini italemewa, itatoa moshi mweusi, na haitafikia mizunguko yake kamili. Atakayeagiza hatua ndogo mno ataisikia injini ikipiga kelele na chombo kikivutika kidogo tu.

Kipimo cha kweli hufanywa majini. Chombo kikiwa safi chini, maji yakiwa shwari, injini ikifunguliwa yote, inapaswa kufikia mizunguko iliyoandikwa na watengenezaji wake au kuikaribia sana. Hapa mtu wa Bugolobi ana mtego wake wa pekee. Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na kipulizi cha turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake. Rafadha inayoilemea injini kidogo kule Port Bell inaweza kuwa sawasawa kabisa Kilifi. Na ile inayoonekana sawasawa ziwani inaweza kuwa ndogo mno ikifika pwani. Maji ya chumvi nayo ni mazito kuliko ya ziwa kwa karibu asilimia 2.5, kwa hiyo hupunguza tofauti hiyo kidogo. Muuzaji apewe namba za mahali chombo kitakakotumika, si za mahali kilipo siku ya kuagiza.

Kuna vipimo vingine visivyosameheka: kipenyo cha shafti na umbo la ncha yake, upande inakozungukia, kulia au kushoto, nafasi kati ya ncha za mapanga na tumbo la chombo, ambayo aghalabu hutakiwa isipungue sehemu moja ya kumi ya kipenyo, na nafasi ya nyuma. Hii ya mwisho husahauliwa. Rafadha ikikunjwa huwa ndefu kwa kuelekea nyuma, na ikiwa usukani uko karibu, mapanga yatagonga.

Yale ambayo ziwa limekwisha kufundisha

Ziwa halina mkondo wa kujaa na kupwa, lakini limewafundisha watu wake somo jingine la rafadha. Gugumaji lilionekana katika upande wa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980, na katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limeisonga Port Bell hata meli kupata taabu kuingia. Mbawakawa walao mmea huo waliachiliwa ziwani mwaka 1995, na katika miaka michache iliyofuata zulia hilo la kijani lilipungua sana. Halikuisha. Mfereji wa Nakivubo, upitao kando ya Bugolobi, huteremsha maji ya jiji hadi katika kinamasi na ghuba, yakiwa na rutuba inayolisha magugu na mifuko ya plastiki ambayo Kampala huiita buveera.

Rafadha iliyokunjwa haishiki magugu wala nyavu kwa urahisi, kwa kuwa haina kona ya kuyanasa. Hiyo ni faida ya kweli, ziwani na baharini. Lakini mfuko mmoja ukijibana kwenye meno, panga moja hufunguka na jingine hukataa. Shafti hutetemeka kwa nguvu inayoweza kuharibu fani na kulegeza pini. Pwani, kazi hiyo ya uharibifu hufanywa na viumbe wadogo wenye magamba makali wanaojibandika kila mahali palipotulia kwa wiki chache.

Namna ya kusafisha pia hutofautiana. Ziwani mtu hulazimika kukipandisha chombo nchi kavu au kupiga mbizi, na kupiga mbizi karibu na ufukwe wa Ziwa Victoria ni kujiweka katika hatari ya kichocho. Pwani, maji yenyewe hufanya kazi: chombo huegeshwa juu ya mchanga maji yakiwa yamejaa, yakipwa hubaki kavu, na fundi ana saa chache za kukagua pini, kupaka grisi na kung'oa magamba kabla maji hayajarudi. Mwenye rafadha ya kukunja anapaswa kuifanya kazi hiyo mara kwa mara, na hasa kabla ya safari ya kuvuka.

Madini nayo hayafanani. Rafadha hizi kwa kawaida hutengenezwa kwa shaba nyeusi, na hulindwa kwa kipande cha madini dhaifu zaidi, ambacho huliwa badala yake. Katika maji baridi ya ziwa hutumika magnesi. Katika maji ya chumvi hutumika zinki au aluminiamu. Kipande cha magnesi kikiachwa baharini huliwa upesi mno, na kikiisha, shaba yenyewe ndiyo inayofuata. Mashua inayotoka Luzira kwenda Kilifi ibadilishwe kipande hicho kabla ya kuteremshwa majini.

Kabla ya kulipa

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Penye mkondo wa bahari, kuchagua ni sehemu ya kazi yenyewe. Kabla fedha hazijatoka, familia ile ya Bugolobi inahitaji namba mbili tu juu ya karatasi. Ya kwanza ni mwendo wa mashua yao kwa injini peke yake, uliopimwa kwenda na kurudi katika maji shwari. Ya pili ni nguvu ya mkondo mkali kuliko yote katika mlango watakaouingia, siku ya bamvua, kwa maelezo ya watu wanaoutumia mlango huo. Ya pili iondolewe katika ya kwanza. Ikibaki chini ya mafundo 2, rafadha mpya isipunguze hata robo fundo ya mwendo wa injini, na ile ya mapanga matatu au ya kugeuza mapanga ndiyo inayostahili kufikiriwa. Ikibaki zaidi, hata ya mapanga mawili yaweza kutosha.

Baada ya hapo, kinachobaki kununuliwa ni kile chenye bei ndogo kuliko vyote: jedwali la maji la Kilindini au Zanzibar. Rafadha nzuri humpa nahodha nusu fundo. Kungojea saa mbili mkondo ugeuke humpa mafundo sita, kwa kuwa mafundo 3 yaliyokuwa yakimzuia sasa yanamsukuma.